Mguu wa Mzee Kishindo

Haya, sogeeni niwasimulie, ila msiniulize nchi hiyo iko wapi. Nina wajukuu wanaosoma shule za serikali, na pensheni yangu bado haijatulia. Jueni tu kuwa ni nchi ya mbali, mbali kabisa, wala haifanani na nchi yoyote mnayoijua, na atakayesema inafanana na ya kwao huyo ana lake jambo. Inaitwa Jamhuri ya Msimamo.

Katika Jamhuri hiyo alikuwepo bwana mmoja, Mbaruku, msukuma mkokoteni, mtu wa kifua kipana na maneno machache. Siku moja alikuwa anapeleka saruji ya kujengea jukwaa la sanamu ya Mzee Kishindo, mwasisi wa taifa. Mkokoteni ukamshinda kwenye mteremko, mifuko ikamwangukia, na hospitali wakamkata mguu wa kushoto juu kidogo ya goti. Serikali ikatoa pole. Ikasema kwa kuwa ameumia akiitumikia nchi, nchi itampa mguu mwingine, wa bandia, mzuri, unaokunja goti. Kwa sasa akapewa magongo mawili ya kujishikiza, akaambiwa mguu uko njiani.

Mwaka wa kwanza mguu ukawa njiani. Mwaka wa pili ukawa njiani. Mwaka wa tatu mkewe, Siwatu, mwanamke mwembamba asiyeweza kumeza neno likikaa kooni, akamfuata karani wa hospitali dirishani kwake.

"Hivi mwanangu, huo mguu unakuja kwa miguu?"

"Mama, vuta subira."

"Nimeivuta mpaka imekatika."

Na mkokoteni, je, nani alikuwa anausukuma? Siwatu mwenyewe. Wenye tumbo lazima wale. Kila asubuhi alijifunga kanga kiunoni, akashika mpini, akaondoka na magunia ya viazi ya watu, jioni akarudi ameshika kiuno kama bibi kizee. Mbaruku alikuwa amekaa kizingitini akimenya vitunguu, na watu wakidhani ni vitunguu vinavyomtoa machozi. Kumwona mkewe amepinda pale mbele ya mpini kulimuuma kuliko ule msumeno wa hospitali. Hakutaka cheo, hakutaka ardhi, hakutaka hata fidia. Alitaka mguu, aushike mpini yeye, mkewe akae chini.

Sasa, kabla hatujafika mbali, lazima mjue desturi moja ya kule. Kule mkubwa hakosolewi. Najua mnataka kusema kitu, nyamazeni kwanza. Kule mkubwa akisema jambo lisilo kweli, hawamsahihishi yeye, wanaisahihisha dunia. Ipo idara nzima ya kazi hiyo, Idara ya Kunyoosha Mambo, yenye malori, makoleo, misumeno na waganga wawili wa kienyeji. Mkurugenzi wake ni Bwana Tindwa, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembelezea watoto, na hajawahi kushindwa kunyoosha kitu.

Siku moja Mtukufu Rais Kabambe aliwapongeza wakulima wa nyanda kame kwa kuvua samaki wengi. Kulipopambazuka malori ya Tindwa yalikuwa yameshamwaga sato katikati ya mtama. Siku nyingine Mtukufu alialikwa harusini, akachanganya hotuba, akampa bibi harusi pole kwa kufiwa na mume. Bwana harusi yule mpaka leo ni marehemu. Anakula, anakwenda sokoni, anabishana mpira, lakini ni marehemu, na mkewe alikaa eda yake yote humo humo chumbani pamoja naye.

Basi ikafika siku ya kuzindua sanamu. Mzee Kishindo alitakiwa awe na miguu yake miwili kama Mungu alivyomuumba, lakini Kamati ya Sanamu ilikuwa na watu wengi wenye njaa, na mguu wa kushoto ukaliwa. Si kwa meno. Mnanielewa. Mpango wa Kamati ulikuwa pazia lifunuliwe upande wa kulia tu, wapige picha, waende kula. Bahati mbaya Mtukufu Rais ni mtu anayependa kuvuta vitu. Alivuta kamba kwa nguvu zake zote, na pazia zima likaanguka chini.

Mzee Kishindo akasimama mbele ya taifa kwa mguu mmoja. Wapambe wakaanza kuchunguza vidole vyao. Mtukufu aliitazama sanamu juu, akaitazama chini, akasogeza kipaza sauti.

"Wananchi! Naona msanii wetu amesoma historia! Mzee Kishindo alikuwa na mguu mmoja! Mmoja tu! Na kwa mguu huo huo alimpiga mkoloni teke!"

Vigelegele, makofi, mbinja! Kama yupo aliyejiuliza Mzee alikuwa amesimamia nini wakati anapiga teke hilo, hakujiuliza kwa sauti. Mbaruku alikuwepo pale, nyuma, ameegemea magongo yake, na kwa mara ya kwanza tangu aumie watu wa jirani walimgeukia wakamtazama kwa heshima. Alidhani wanamtazama mtu mwingine.

Tindwa na watu wake hawakulala. Kwanza wakamleta Profesa Mashauri redioni. Profesa alieleza kuwa jambo hili ni la kisayansi kabisa. Wagiriki wa kale, alisema, waliandika habari za watu wa mwisho wa dunia wenye wayo mmoja mkubwa, jua likiwaka wanalala chali wanajifunika kivuli cha wayo wao. Katika misitu ya ng'ambo ya bahari yupo kijana wa mguu mmoja, ana kofia nyekundu na kiko mdomoni, kazi yake kuwafunga farasi mafundo ya manyoya. Huku kwetu nako wazee wamesimulia tangu zamani majini ya nusu mtu, jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja. "Wote hao," alisema Profesa, "ni ndugu zetu. Walihama kutoka Msimamo zamani kutafuta malisho. Na wahenga walishasema, njia mbili zilimshinda fisi. Sembuse miguu miwili!"

Baada ya hapo zikaja amri, moja inaikanyaga nyingine. Raia yeyote akiwa mahali pa wazi asimame na aende kwa mguu mmoja, wa kulia. Wa kushoto ukunjwe kwa adabu. Kiatu cha kushoto kirudishwe serikalini. Mafiga matatu ni ulafi, mama wapikie figa moja. Na wanawake wa Msimamo wakawa wanashikilia sufuria kwa mkono mmoja na kukoroga kwa mwingine, huku wakirukaruka. Simba akaondolewa kwenye nembo ya taifa, akawekwa konokono, kwa kuwa konokono ana mguu mmoja na hajawahi kuandamana. Mpiga picha wa Ikulu alikamatwa na kamera yenye kisimamio cha miguu mitatu, akaonywa, akapewa cha mguu mmoja, na tangu siku hiyo magazeti yote yanamwonyesha Mtukufu ameinama kama mnazi wa pwani. Kuku naye akahesabiwa kuwa na paja moja. Paja la pili lilipelekwa ofisi ya mkoa kwa ajili ya kuteketezwa, na maofisa wa mkoa wakanawiri.

Siwatu alikuwa anasukuma mkokoteni kwa mguu mmoja. Hebu fikirini jamani, magunia ya viazi, jua la saa saba, na mtu anaruka nyuma yake kama chura! Alianguka kila kona. Akirudi nyumbani anajitupa mkekani bila hata kuvua kanga.

"Mbaruku," alisema siku moja, "hii nchi imekuiga wewe."

"Na mimi sijaifundisha."

"Basi ungeifundisha vizuri kidogo. Kiuno changu kinakufa."

Na wiki hiyo hiyo, wapendwa, mguu ukafika! Yule karani wa dirishani alimtumia Mbaruku salamu: njoo, mguu wako umeingia, mzuri, una na soksi. Mbaruku alifika hospitali kabla ya jogoo kuwika mara ya pili. Mguu ulikuwa juu ya meza, rangi ya kahawia, unang'aa, umekunja goti kidogo kama mtu anayesubiri chai. Na nyuma ya meza, amekaa kwa upole, Bwana Tindwa.

"Ndugu Mbaruku, hongera sana."

"Ahsante, mkubwa. Nivae hapa hapa?"

"Hapana, ndugu yangu. Hongera kwa jingine. Kuanzia leo wewe ni Urithi wa Taifa. Katika nchi nzima ni wewe tu uliyefanana na Mzee Kishindo bila kujitahidi. Na urithi wa taifa, kwa sheria, hauongezwi kitu wala haupunguzwi."

Mbaruku aliutazama mguu, akamtazama Tindwa. "Mkubwa, mke wangu anasukuma mkokoteni."

"Tumemwona. Anajitahidi."

"Anaumwa kiuno. Mimi nautaka huo mguu ili yeye apumzike. Sina haja nyingine na huo mguu. Sitakwenda nao hata msikitini kama hamtaki."

Tindwa aliguswa kwelikweli. Alitoa leso akafuta jicho. Kisha akaufunga mguu kwenye gazeti, akaupakia garini, ukaenda kufungiwa ghala la Idara pamoja na vitu vingine vya hatari. Wakati anaondoka akayachukua na yale magongo, kwa kuwa Mzee Kishindo hakuwa na magongo. Mbaruku alirudi nyumbani akiruka, ukuta kwa ukuta, mti kwa mti, na watu njiani wakampigia makofi.

Urithi wa Taifa ulipewa kazi: kuwafundisha mawaziri kuruka. Kila asubuhi gari lilimchukua kumpeleka uwanja wa taifa, na baraza zima lilikuwa pale limevaa suti na kiatu kimoja kimoja. Mbaruku aliwafundisha kwa moyo mweupe. Aliwaambia wasikaze shingo, wasitazame chini, wapumue. Waziri wa Fedha alianguka kifudifudi, na redio ikatangaza kuwa Waziri ameinama kukagua rutuba ya udongo. Waziri wa Ulinzi alimshika Waziri wa Afya, Waziri wa Afya akamshika wa Mifugo, wakaenda chini wote kama matofali mabichi, ikatangazwa kuwa baraza lina mshikamano. Mtukufu Rais yeye aliruka vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili goti lilianza kuvimba. Alikataa daktari, alikataa barafu, akasema kiongozi haumwi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Goti likawa kubwa kama fenesi, na suruali zikashonwa upya.

Ikaja sherehe ya kutimiza mwaka tangu sanamu izinduliwe. Uwanja ulijaa, taifa zima limekunja mguu wa kushoto. Siwatu alikuwepo na mkokoteni wake, amekodiwa kuleta maji ya wageni. Mbaruku aliwekwa mbele, chini ya sanamu, amevishwa shada la maua. Mtukufu akaanza kupanda ngazi za jukwaa kwa mguu mmoja. Ngazi ya kwanza, sawa. Ya pili, jasho. Ya tatu goti likalia kama kuni kavu, na Mtukufu, mbele ya macho yetu sote, akauteremsha mguu wa kushoto akaukanyagisha chini.

Watu walishika roho. Naye akabaki amesimama pale, na uso wake ukaanza kulegea kwa raha, raha ambayo hakuwa nayo mwaka mzima. Akakamata kipaza sauti.

"Wananchi! Hakuna taifa lililoendelea kwa kurukaruka! Mzee Kishindo alikuwa na miguu miwili, na anayesema vinginevyo ni kibaraka! Mchana huu, nikitoka kula, nitaizindua upya sanamu yake yenye miguu miwili!"

Uwanja mzima ukashusha mguu kwa kishindo kimoja, puu! Watu wakakumbatiana, wengine wakaanguka kwa kusahau namna ya kutumia miwili. Lakini hakuna aliyefurahi kama Mbaruku. Alichomoka akaruka mpaka kwa Tindwa, shada linamziba macho.

"Mkubwa! Mguu wangu sasa! Sasa ni halali!"

Masikini Tindwa, jasho linamtoka. Mtukufu amekwenda kula, na Mtukufu hali polepole. Sanamu lazima iwe na mguu wa pili kabla hajanawa mikono, na katika nchi nzima mguu wa ziada ulikuwa mmoja tu, ule wa ghalani. Vijana wa Idara walikuja nao mbio, wakaweka ngazi, wakaukaza kwa misumari ya parafujo kwenye paja la Mzee Kishindo. Sanamu yenyewe ni ndefu kuliko nyumba. Mguu wa Mbaruku ukaning'inia pale juu, mdogo, na soksi yake, hauifikii ardhi hata kwa kuota. Profesa Mashauri alichukua kipaza sauti akaeleza kuwa msanii amemwonyesha Mzee akipiga hatua, na vijana wakalirudisha pazia juu ya sanamu.

Mbaruku alibaki amekodoa macho. Hapo ndipo askari mmoja alipomshika bega.

"Wewe mzee! Hukusikia? Shusha mguu!"

"Sina, afande."

"Watu wote wameshusha, wewe peke yako umesimama kwa mguu mmoja. Unapinga serikali?"

"Mguu wangu ule pale juu."

"Ule ni wa Mzee Kishindo. Na sasa unamtukana mwasisi."

Wakamfunga pingu. Asubuhi alikuwa Urithi wa Taifa, sasa amekuwa mpinzani wa mwisho. Tindwa alimwambia kwa huruma kuwa kesi ni nyepesi, ataachiwa mara tu atakapoonekana ana miguu miwili. Siwatu alisikia yote hayo akiwa nyuma ya mkokoteni. Hasira ilimpanda mpaka kichwa kikawa chepesi. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumng'ata mtu. Kisha akamkumbuka yule bwana harusi aliye marehemu, akanyamaza, akaanza kupenya katikati ya watu kuelekea mbele.

Mtukufu alirudi ameshiba. Alivuta kamba, pazia likaanguka, akainua mikono. Kabla hajatamka, Siwatu akatoka mbele ya jukwaa, akapiga kigelegele kirefu, akaanguka magotini.

"Ahsante, Mtukufu baba! Ahsante kwa kumpa mume wangu mguu! Mola akuzidishie!"

Mtukufu hakuwa na habari ya mume wala mguu. Lakini yeye ni mtu ambaye hajawahi kukataa shukrani ya mtu.

"Naam!" alisema. "Nimempa!"

Neno limetoka. Tindwa alifumba macho kidogo, kisha akaashiria kwa kidole, na ngazi ikarudishwa. Wakaufungua mguu kutoka kwa Mzee Kishindo, wakamfungua Mbaruku pingu, wakamfunga mguu papo hapo jukwaani. Mbaruku alisimama. Akapiga hatua, akayumba, akapiga ya pili. Alilia bila kuficha, na safari hii hapakuwa na kitunguu. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele hata kunguru wakahama.

Ingeishia hapo, ningewaaga. Lakini vigelegele kwa Mtukufu ni kama pombe kwa mlevi, kidogo hakitoshi. Alimsogelea Mbaruku, akamshika bega, akamwinulia mkono kama bondia.

"Mnaushangilia mguu tu? Hamjui mguu huu ni wa nani! Huu ni mguu wangu mimi mwenyewe! Nimejikata, kwa mkono wangu, nikampa mwananchi wangu!"

Makofi yakakatika. Watu wote, bila kupanga, wakainamisha macho. Chini ya suruali ya Mtukufu vilionekana viatu viwili, vyote vinang'aa.

Bwana Tindwa alipanda jukwaani taratibu, na nyuma yake vijana wa Idara na sanduku la vifaa. Akapiga goti, akatoa utepe wa fundi cherehani, akaanza kupima kutoka kwenye kiuno.

"Tindwa, unafanya nini?"

"Nanyoosha, Mtukufu."

"Nilikuwa nasema tu! Ni maneno ya jukwaani!"

"Mtukufu husemi maneno ya jukwaani," alijibu Tindwa, machozi yanamtoka kwa heshima. "Mtukufu unasema kweli. Ni wa kushoto, nadhani. Uliovimba ni wa kulia, tutakuachia huo."

Walimbeba juu juu, kwa taadhima, bendi ya polisi ikapiga wimbo wa taifa. Alipiga kelele mpaka gari la wagonjwa lilipofungwa mlango, na redio ikatangaza kuwa Mtukufu amewaaga wananchi kwa shangwe. Watu wakamtazama Mzee Kishindo, amerudia mguu wake mmoja. Wakatazama njia lilikopita gari. Wanajua kuhesabu, watu wa Msimamo. Mama mmoja akaanza, akaukunja wa kushoto kwa adabu. Jirani yake akafuata. Mawaziri wakakunja, askari wakakunja, Profesa akakunja huku akitafuta kalamu, mpaka uwanja wote ukawa umesimama kwa mguu mmoja tena.

Mbaruku alikuwa katikati yao, soksi yake mpya imejaa vumbi. Akauangalia mguu wake, akamwangalia mkewe.

"Usithubutu," alisema Siwatu.

Hakuthubutu. Alishuka jukwaani kwa miguu yake miwili, akaenda mpaka kwenye mkokoteni, akashika mpini. Siwatu alipanda juu, akakaa kati ya madumu matupu, akanyoosha mgongo. Nyuma filimbi ikalia. Afande aliamuru wakamatwe, na kikosi kizima kikaanza kuwafukuza, kwa mguu wa kulia, kikiyumba, kikishikana mabega, wawili wa mbele wameshaanguka.

"Nikaze mwendo?" aliuliza Mbaruku.

Siwatu aligeuka akawatazama.

"Wa nini? Nenda taratibu, mume wangu, usije ukajikwaa. Hao mpaka wafike, tumeshakula, tumeshalala."